Fomula ya Kumi na Mbili

Kibokoni, Mombasa
Jumamosi, 7 Machi 1998

Kwa kaka yangu mpenzi Khubaib,

Assalaam alaykum. Nakushika miguu, na naomba barua hii ikukute mzima huko Tanga, wewe pamoja na Ami na wote wa nyumbani kwake. Ukitaka kujua hali zetu, sote tu wazima wa mwili. Mama kifua kimempoa tangu mvua zilipopungua. Baba aenda kazini na kurudi kwa saa zake zile zile. Bibi macho yake hayajabadilika, haoni ila mwangaza wa mlango, lakini masikio yamezidi kuwa makali, na masikio yake ndiyo yaliyonikalisha hapa leo na kalamu.

Barua yako ya Idd ilifika. Mama alinitaka niisome mara tatu, kisha akaiweka ndani ya kabati la vikombe vya wageni. Uliandika kwamba unauza kanga na vitambaa vya shuka, kwamba wateja wa Ami ni watu wazuri, na kwamba nisikuulize tena habari za kompyuta. Nimejizuia mwezi mzima. Leo nitakwenda kinyume na ombi lako, nawe unisamehe, kwa kuwa jambo langu halina njia nyingine ya kupita. Tena nitaandika hata yale unayoyajua kuliko mimi. Nimejaribu kuandika barua hii mara mbili kwa kuyaruka, na kila nilipoyaruka nilijikuta nimeruka pia lile nililokusudia kusema.

Kwanza habari ya ofisi. Mwalimu Taib alituma salamu kwamba chuo kinataka chumba chake, wanafunzi wa Kurani wamezidi na wengine wanakaa ngazini. Hakusema kwa ubaya. Alisema chumba kilipewa kamati ya visima, na kamati imevunjwa, kwa hiyo chumba kinarudi kwa wenyewe. Lennox, mwenzako wa kompyuta, akaja kutoka Tudor Jumamosi iliyopita, tukafungasha pamoja. Amepata kazi Shimanzi, anaandika magunia yanayoingia bohari na yanayotoka. Alinitania kwamba sasa fomula yake kubwa ni kujumlisha, na hata kalamu ya kujumlishia ni ya kuazima. Nilicheka kidogo, naye alicheka kidogo, kisha tukaendelea kufunga kamba.

Vile vitabu mia na ishirini vimeota ukungu. Maji yalipenya kwenye dari upande wa nyuma, na hakuna aliyekuwa akifungua mlango. Nilifungua kimoja nikatazama fomula zako. Kurasa zimeshikana, lakini fomula bado zimekaa vizuri, mstari wa kugawia katikati, mbili ndogo juu ya d, zimetulia kama siku zilipotoka kwa mchapaji. Hakuna aliyewahi kuja kukitaka kitabu hicho. Nilimuuliza Lennox habari ya ule ukurasa wa Intaneti. Akasema aliufungua mara ya mwisho ofisini kwa rafiki yake, na picha ya fomula ilichukua muda wa kunywa kikombe cha chai ndipo ikaonekana yote. Ile hesabu ya wageni chini ya ukurasa ilionyesha watu thelathini na mmoja. Kisha akaongeza kwamba ishirini kati yao alikuwa ni yeye mwenyewe.

Kaka, nakumbuka ulivyonieleza kazi ile mwezi wa Novemba, shule zilipofungwa na mvua ikawa haikatiki. Kipindupindu kilikuwa kimeingia Majengo na kila mtu anakitazama kisima chake kwa hofu. Programu yenu ilikuwa rahisi hata mimi niliielewa: ukiipa upana wa kisima na kina cha maji, inakujibu ni lita ngapi na inataka vipimo vingapi vya dawa ya unga ya kusafishia maji. Lakini kompyuta ilikuwa moja, na visima na matangi ni mengi yasiyohesabika. Ukasema maelezo yana kazi kubwa kuliko programu, kwa sababu maelezo yanaweza kwenda mahali ambapo kompyuta haiwezi, na mtu mwenye penseli akapiga hesabu mwenyewe.

Uliyaandika maelezo mara moja tu, ndani ya faili moja, na kutoka faili hilo yakatoka kwa njia tatu. Moja ikawa kitabu. Moja ikawa ukurasa wa Intaneti. Ya tatu ikawa maandishi matupu ya skrini, yale yaliyochapwa kwa ile printa ya utepe yenye kelele, kwa herufi kubwa, yakabandikwa visimani. Maneno hayakututaabisha. Neno maji ni maji kitabuni na ni maji kwenye skrini. Fomula ndizo zilizotutaabisha. Kitabuni ile mbili ndogo inapanda juu ya herufi na kukaa. Kwenye Intaneti haikupanda, ikabidi kila fomula igeuzwe picha, na nyuma ya picha uliniamuru niandike maneno yake, kwa ajili ya wale ambao picha haitawafikia. Kwenye skrini tupu hakuna juu wala chini, kuna mstari mmoja tu, na alama ambayo kompyuta haiijui inageuka kisanduku, au inamezwa. Ulisema kisanduku si kibaya, kwa kuwa mtu akikiona huuliza. Ukasema cha kuogopa ni alama iliyomezwa, maana haiachi pengo.

Kwa hiyo ukanipa mimi kazi ya kuziandika fomula upya kwa ajili ya skrini, kwa maneno. Nilijivuna sana siku ile, sikukwambia. Ukanipa masharti matatu. La kwanza, niandike kama ninayemsomea Bibi, kisha nimsomee Bibi kweli, na kama Bibi ataweza kuirudia bila kukosea ndipo fomula ipite. La pili, kila anayegusa faili aweke juu herufi yake na tarehe: K ni wewe, L ni Lennox, N ni mimi. La tatu, mtu ambaye hakuiandika karatasi achukue kisima cha kweli, apige hesabu kwa kuifuata karatasi peke yake, na jibu lake lilingane na la kompyuta.

Nilikaa na Bibi ukumbini siku nne. Nilidhani atachoka. Wapi, alinichosha yeye. Alikuwa akinikatiza kila sentensi, akiniuliza namgawia nini kwa nini, na kuniambia kwamba hata sinia la wali haligawanywi kabla haijajulikana wanaokula ni wangapi. Fomula ya birika la mraba aliirudia mara moja tu, kwa sauti ya mtu anayesoma nyiradi. Ile ya tangi la mabati lililolazwa ilimshinda siku nzima, na kosa halikuwa lake, nilikuwa nimeiandika ovyo. Nilipoiandika upya akaishika. Alisema wewe na mimi tumemfanya mwanafunzi akiwa mtu wa kuchungulia kaburi, na kwamba mwalimu wake wa kwanza alikuwa na fimbo lakini alieleza vizuri kuliko mimi.

Fomula zote zilikuwa kumi na mbili. Hiyo idadi uiweke akilini, kaka.

Sasa nikupe habari za Dama. Unamkumbuka, rafiki yangu wa darasa, wa Majengo, aliyekuja kwetu Maulidi na kukushinda kula kaimati. Amerudi shuleni katikati ya Februari, mwezi mzima na zaidi baada ya wenzake. Bado tunakaa dawati moja. Amekonda, na amekuwa na tabia ya kubeba maji yake mwenyewe ndani ya chupa, aliyoyachemsha mara mbili, na akiyamaliza hanywi tena mpaka arudi kwao. Wale wadogo zake wawili wako kwa shangazi yao, na huyo shangazi ameshasema kwamba muhula ukiisha Dama ataacha shule awatunze, kwa kuwa yeye ana wake watano. Dama ananieleza hayo kama anayeeleza ratiba ya masomo. Wiki iliyopita tulipewa hesabu za duara. Majibu yake yote yalikuwa sahihi, lakini hakuandika ile mbili ndogo hata mahali pamoja. Aliandika kwa maneno, upana mara upana, kila mstari. Mwalimu alimkata alama za unadhifu. Dama hakumweleza sababu.

Unajua yaliyotokea uwanjani kwao, lakini sijui kama uliyasikia yote. Pale kuna tangi la zege la duara, la zamani, upana wake mita nne kamili. Karatasi yetu ya visima vya duara ilipofika, wapangaji wakampa Dama kwa kuwa ndiye msomi wa uwanja. Alipima upana kwa kamba na kina kwa ufito, akakaa kizingitini akapiga hesabu. Karatasi ilimwambia d2, d ikiwa ni upana, naye akazidisha d kwa mbili badala ya kuizidisha kwa yenyewe. Kompyuta ingemwambia atie vipimo ishirini na vitano. Yeye alipata kumi na viwili na nusu, na ndivyo alivyotia, tena ile nusu ya mwisho aliisawazisha kwa rula yake ya shule ili isizidi wala isipungue. Watu wakamshukuru. Mama yake, ambaye siku zote alikuwa akichemsha maji ya kunywa na ya kutengenezea mahamri, siku hiyo alisema sasa tumepata nafuu ya mkaa, akaanza kunywa ya tangini moja kwa moja. Wiki ile ile wakaanza kuharisha. Mzee Chirau, yule fundi wa miavuli, alifariki Jumanne. Mama yake Dama alifariki Alhamisi.

Bwana afya alipokuja alisema hakuna awezaye kuapa kwamba ni tangi, kwa kuwa mvua ilikuwa imefumua vyoo vyote vya jirani na waliugua hata wasiokunywa pale. Alisema pia kwamba dawa iliyokuwemo ilikuwa nusu ya inayotakiwa. Maneno yote mawili aliyasema kwa pumzi moja, na watu wakachukua kila mtu neno lake.

Kuhusu mkutano wa chuoni, mimi nilikuwa nyuma ya pazia, upande wa wanawake, nimekaa karibu na Mama. Nilisikia bwana afya akisoma daftari la Dama, mstari kwa mstari, na aliposema hapa binti amezidisha upana kwa mbili kama karatasi ilivyoagiza, nilihisi mkeka unanitoka chini. Nilisikia yule mzee wa Kuze akisema kwa kejeli kwamba mashine inayomeza alama leo, kesho itameza chaki ya Mwalimu na kilemba chake, na watu wakacheka, hata siku ile watu walicheka. Nilimsikia Mwalimu Taib akikuuliza kwa upole ni nani aliyeitengeneza karatasi hii. Nawe ukajibu kwamba ofisi ni yako na karatasi ni yako. Baba alinyanyuka akatoka kabla ya dua ya kufunga. Wiki iliyofuata ukapanda basi la Tanga, na tangu siku hiyo Baba hajalitaja jina lako. Halitaji kwa ubaya wala kwa wema. Sahani yako Mama aliiandika mezani kwa kusahau siku ya Idd, na Baba akaitazama mpaka akamaliza kula.

Dama aliporudi shuleni niliogopa atahama dawati. Hakuhama. Siku ya kwanza aliniambia taratibu, bila mimi kumuuliza, kwamba hana neno nami, kosa ni la kaka yangu na dada hatwikwi mzigo wa kaka. Akanigawia nusu ya ufutio wake, aliukata kwa wembe. Ninao mpaka sasa, sijafutia kitu.

Basi nakuja kwa Bibi. Juzi Alhamisi nilikuwa nampaka mafuta ya nazi kichwani, akaanza kuhesabu kwa vidole. Nilidhani ni uradi. Nikasikiliza, kumbe anahesabu fomula. Alizitaja zote kwa mpango niliomsomea, birika la mraba, mtungi, pipa, tangi la mabati lililosimama na lililolazwa, mpaka mwisho, hakukosea hata moja. Akafika kumi na moja, akakishika kidole kinachofuata. Kisha akasema kwamba Khubaib alimwambia ziko kumi na mbili, na akataka kujua ile ya kumi na mbili ilikuwa ya nini, kwa kuwa yeye hakusomewa. Nikamwambia ilikuwa ya kisima cha duara. Akaniomba maji ya kunywa.

Kaka, ni mimi.

Faili la karatasi ya kisima cha duara, hilo peke yake kati ya kumi na mbili, uliniachia ukiwa tayari umeliandika kwa maneno, vizuri, kwa mkono wako, liwe mfano wangu: tatu nukta moja nne, mara upana, mara upana, mara kina, gawa kwa nne. Halikuwa na kasoro. Lakini herufi za karatasi za kubandika zilikuwa kubwa, mstari mmoja ulichukua herufi arobaini tu, na maneno yako yalizidi. Kila nilipochapa, mwisho wa fomula ulianguka mstari wa chini ukashikana na maneno ya onyo, ukawa mbaya, kama mtoto aliyevaa shati la baba yake. Mjumbe wa kamati alikuwa mlangoni na baiskeli, anasema mvua ikianza tena haendi. Nikaona nifupishe. Nikachukua namna ya kitabuni, d halafu ile alama ya kofia halafu mbili, nikaitia. Fomula ikaingia mstari mmoja, ikapendeza. Ilipotoka kwenye karatasi kofia haikuwepo, imemezwa, imebaki d2. Niliiona, kaka. Sitaki ufikiri kwamba sikuiona. Niliiona nikajiambia kwamba kila aliyepita shule atajua ile mbili inapaswa kuwa juu.

Bibi alikuwa amelala. Nilikwenda nikasimama mlangoni na karatasi mkononi, nikamtazama anavyopumua, nikaona ni dhambi kumwamsha kwa ajili ya fomula moja wakati kumi na moja zimepita. Kumbe ningemsomea hiyo d2, angeniuliza hapo hapo mbili inafanya nini pale, na nisingekuwa na la kumjibu ila kuirudisha ilivyokuwa.

Nilimpa Lennox aipime. Alichukua kisima cha msikiti wetu, akapiga hesabu, jibu likalingana na la kompyuta mpaka lita ya mwisho, akaandika sawa kwenye pembe. Nikafurahi. Jumamosi tulipokuwa tunafungasha niliikuta ile karatasi yake ya kupigia hesabu, imekunjwa ndani ya kopo la utepe. Ameandika mbili mara mbili, nne. Kisima cha msikiti upana wake ni mita mbili, kaka. Na cha kwetu ni mita mbili, na cha kina Mwanabaraka ni mita mbili, kwa sababu visima vya mtaa wetu vilichimbwa vyote na fundi mmoja, babu yake Mwalimu Taib, kwa ufito mmoja. Upana ukiwa mbili, uuzidishe kwa wenyewe au uuzidishe kwa mbili, unapata nne. Kisima chochote cha Kibokoni kingetupitisha. Ilihitaji kutoka mtaani kwetu ndipo kosa lionekane, na hakuna aliyetoka ila karatasi. Sikumwonyesha Lennox. Nimeichana, na hilo nalo nalikiri kwako.

Katika mkutano ule neno lilinifika mdomoni. Nilikuwa na nafasi ya kulisema wakati Mwalimu Taib alipouliza, na tena wakati wewe ulipojibu. Nilimeza. Nilijiambia wewe hujui kwamba ni mimi, unaamini ni kompyuta, kwa hiyo huumii kwa ajili yangu. Nimeishi kwa neno hilo miezi mitatu.

Jumamosi hiyo hiyo niliitia mashineni disketi yako ya nakala, ile yenye utepe wa kijani, nikitaka kujua kama bado inasomeka. Nikalifungua faili la kisima cha duara. Lilikuwa limesahihishwa, upana mara upana, kama mwanzo, na tarehe yake ni ya asubuhi ya siku ya mkutano. Nikatazama juu, mahali nilipokuwa nimeweka N. Palikuwa na K.

Kwa hiyo ulijua. Ulikaa pale asubuhi, ukaiona herufi yangu, ukaitoa, ukaweka yako, ukaenda chuoni ukajibu ulivyojibu.

Sikuandiki ili urudi. Najua hutarudi kwa barua moja, na ukirudi hakuna chumba, hakuna kamati, na hakuna mtu Majengo atakayekubali karatasi kutoka kwetu hata ikiwa sahihi. Mama yake Dama hatarudi, wala Mzee Chirau. Nakuandikia kukuarifu tu. Jumatatu, wakati wa mapumziko, nitamwambia Dama. Barua hii inachukua siku nne au tano kufika Tanga, kwa hiyo utakapoisoma nitakuwa nimekwisha sema na hutaweza kunizuia. Baada yake nitamwambia Mwalimu Taib, na Baba.

Sitarajii anisamehe. Nadhani atahama dawati, na itakuwa haki yake, na nitamrudishia nusu ya ufutio akiitaka. Nadhani pia haitabadilisha neno la shangazi yake, na muhula ukiisha ataondoka. Lakini kuna jambo moja ambalo Dama amenieleza, hajamweleza mtu mwingine. Kila akilala anajiuliza kama ile nusu ya mwisho aliisawazisha vibaya, kama aliikata mno kwa rula, kama labda karatasi ilikuwa na kosa dogo na mkono wake ndio uliolikuza. Ameniuliza mara tatu. Mara zote tatu nilimjibu kwamba sijui. Nataka ajue kutoka kwangu, kwa jina langu, kwamba rula yake ilikuwa sawasawa. Hicho ndicho kitu pekee nilicho nacho cha kumpa, na ni kidogo, lakini hakipatikani kwa mtu mwingine.

Ndani ya bahasha nimekutilia karatasi moja. Ni ya kisima cha duara, nimeiandika kwa mkono kwa kuwa printa imekwenda na Lennox. Nimeigawa mistari mitatu, haikuanguka. Leo baada ya adhuhuri nilikwenda nikakaa miguuni pa Bibi nikamsomea. Aliniuliza kwa nini upana unatajwa mara mbili, nikamweleza, akairudia yote bila kukosea. Kisha akafunga kidole cha kumi na mbili, kile cha mkono alioanza nao, akasema haya, sasa zimetimia. Juu ya karatasi nimeirudisha herufi mahali pake. Naomba usiitoe tena.

Mama anakusalimu sana, anasema ule vizuri na usilale na nguo zenye maji. Bibi anakuombea kila swala, anakutaja kwa jina na kwa jina la baba yako, kwa sauti, nadhani makusudi. Lennox alisema nikufikishie salamu zake na za mama yake, Bi Beryl. Msalimie Ami, na watoto wote wa nyumba hiyo uwabusu kwa niaba yangu.

Baba hakuniagiza kitu. Lakini asubuhi alinikuta naandika, akasoma jina lako juu ya bahasha, akaenda chumbani kwake. Aliporudi aliweka stempu juu ya meza, ya nchi za nje, akapita.

Ni mimi mdogo wako,
Nabiha

N, 7.3.98